Anayemwita Fumo

Waliokuwapo uani jioni ile ni hawa: Mzee Fumo bin Shihab, mwenye nyumba, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, dada yake, Bi Barke binti Shihab, mwana wa mzee, Shihab Fumo, fundi wa mashine za boti, mke wa Shihab, Tasnim binti Nassoro, aliyelelewa Mombasa, jirani yao Mulki, aliyeshika chetezo, Mwalimu Shuaibu, aliyekuja kusoma, na mtoto Fumo Shihab, wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyekuwa akisomewa. Nyumbani mtoto huyo aliitwa Somo, kwa kuwa alipewa jina la babu yake, na mama yake, kama mke yeyote mwenye adabu katika watu wale, hakulitamka jina la baba mkwe hata kwa bahati mbaya. Kama palikuwapo mwingine, hakuna aliyemwona akiingia.

Walikutana kwa sababu ya godoro.

Shihab na mkewe walikuwa wamerudi Kismayo baada ya kukaa Mombasa tangu Shihab alipokuwa mtoto wa kubebwa, vita vilipowatoa watu visiwani. Mzee Fumo alitangulia, akaikuta nyumba haina paa, akaiezeka, kisha akawaita. Mombasa, Somo alikuwa akikojoa kitandani mara moja moja, na mama yake hakulifanya jambo kubwa. Katika nyumba ya babu ikawa kila siku.

Asubuhi ya kwanza Tasnim alimuuliza kwa sauti ya chini, asisikike chumba cha pili. "Mbona hukuniamsha, mwanangu?"

"Si wewe ulinipeleka?"

"Nilikupeleka wapi?"

"Chooni. Ulinishika mkono, tukaenda, ukaniambia haya, kojoa. Nikakojoa. Halafu nikaamka niko hapa."

Tasnim alidhani ni ndoto ya kawaida, maana hata yeye alipokuwa mdogo aliwahi kuota yuko chooni. Alimvua kikoi cha kulalia. Katikati ya vidole vya miguu ya mtoto palikuwa na mchanga mweupe, mbichi. Ua wa nyumba ile ulikuwa wa saruji, na choo kilikuwa hapo hapo uani. Akamfuta kwa pindo la leso yake, asiseme kitu.

Mzee Fumo aliliona godoro lilipokuwa likitolewa nje kuanikwa nyuma ya jiko.

"Si huko," alisema. "Litundikwe ukuta wa mbele, barabarani."

"Baba, watu wanapita pale."

"Ndiyo maana. Aone haya, ataacha."

Tasnim alimtazama mumewe. Shihab alikuwa akifunga kamba za viatu, na alizifunga muda mrefu. Godoro likatundikwa mbele, doa likitazama barabara, na watoto wanaokwenda chuo cha Kurani wakalisoma kabla ya kusoma ubao.

"Somo, leo maji yamejaa au yamekupwa?"

"Godoro lake halilaliwi, linavukwa kwa mtumbwi."

"Msimcheke, jamani, baba yake ana mashine. Atamfungia moja nyuma."

Somo alicheka pamoja nao siku ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa mizaha mizuri. Siku zilizofuata hakucheka. Aliacha kunywa maji. Mama yake alimkuta saa ya joto ameketi mbele ya mtungi, midomo imepasuka, akiutazama tu. Akaacha na kulala. Alikaa ameegemea ukuta hadi usingizi ulipomwangusha, na ulipomwangusha ulikuwa mzito kuliko kawaida, na godoro likalowa zaidi. Alikonda shingo. Chuoni aliketi peke yake mwisho wa mkeka, na ikiwa mtu alinusa hewani, hata kama ni samaki aliyepitishwa barabarani, Somo aliinamisha kichwa.

Mulki alikuja mlangoni siku moja na bakuli la maziwa. "Abaayo, dada yangu Tasnim," alisema, "wangu wa pili alikojoa mpaka akaota meno yote ya ukubwani. Mimi sikumtundika mtu ukutani. Nenda kwa Hodan, yule nesi. Ana maneno machache, lakini anasikiliza."

Tasnim, Shihab na Somo walikwenda wote watatu. Hodan alimpima mkojo mtoto, akamminya tumbo, akamuuliza kama anaumwa akikojoa na kama mchana hulowa. Kisha akamwambia Somo aketi juu ya kiti kama mtu mzima, akazungumza naye yeye kwanza.

"Huna sukari, huna uchafu kwenye mkojo. Huna ugonjwa. Kibofu chako kinajaa usiku, na usingizi wako ni mzito, hukisikii. Watoto wengi wako hivyo, hawasemi tu. Kunywa maji mchana, mengi, usijinyime. Baada ya magharibi punguza. Nenda choo kabla ya kulala." Akawageukia wazazi. "Kuhama nyumba nako huweza kulizidisha jambo hili. Asipigwe, asiaibishwe. Litakwisha lenyewe. Na mara nyingi linatembea katika damu. Baba, wewe ulikuwa hivi?"

"Mimi, hapana," alisema Shihab.

"Babu yake je?"

Shihab alisema hajui, atauliza. Akauliza jioni ile ile, chai ikiwa mezani, kwa namna ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. "Baba, yule nesi anasema jambo hili huenda kwa kurithiana. Alitaka kujua kama katika watu wetu..."

Mzee Fumo aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu aliyeheshimiwa katika mtaa ule. Watu walimwita kugawa mirathi na kupatanisha waliogombana, na katika safu ya kwanza msikitini nafasi yake iliachwa wazi hata alipochelewa.

"Kwetu hakuna kikojozi," alisema.

Bi Barke alikuwa akinywa chai yake. Hakuinua macho.

Tasnim alifuata maneno ya nesi. Somo akanywa maji mchana, akaenda choo kabla ya kulala, na ukapita muda godoro likiwa kavu. Mama akaanza kulikunja mapema, kwa furaha ambayo hakutaka ionekane. Kisha asubuhi moja akakuta sakafu ya chumba ina nyayo za maji. Za mtoto alizitambua. Kando yake, upande wa mkono wa kulia wa mtoto, zilikuwapo nyingine, ndefu na nyembamba, vidole vimetawanyika. Zilitoka kitandani hadi mlangoni, na za kurudi zilikuwa za mtoto tu. Chumba kilinuka mwani uliooza, na chini ya harufu hiyo, harufu ya kaa la ubani lililozimwa kwa maji.

"Somo," alinong'ona. "Huyo anayekuchukua anasemaje? Niambie maneno yenyewe."

"Ni wewe, mama. Ni sauti yako."

"Nasemaje?"

Mtoto aliona haya, kana kwamba anaambiwa arudie tusi. "Unasema, 'Fumo, ndoo. Ndoo, mchu wangu.'"

Tasnim aliyarudia maneno yale kimoyomoyo. Yeye alikuwa mtu wa Mombasa. Alisema njoo, si ndoo, alisema mtu, si mchu kama watu wa visiwani. Na jina lile hakuwahi kulitamka katika maisha yake, wala mtoto alipozaliwa, wala alipokuwa akiandikishwa, ambapo alimsukuma mumewe mbele aseme yeye.

Alikwenda kwa Bi Barke, akamkuta akichambua mchele. Alimweleza yote isipokuwa jina, akalizunguka kwa kusema "jina la Baba". Vidole vya Bi Barke vilisimama katika mchele.

"Alisema mchu wangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mama yetu, Tima binti Mahir, ndivyo alivyokuwa..." Bi Barke aliusukuma ungo kando. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, na alikuwa amemsitiri tangu hawajaota ndevu wala matiti. "Mwiteni Mwalimu Shuaibu," alisema. "Na mimi usiniulize tena."

Ndivyo walivyokutana uani jioni ile.

Mwalimu Shuaibu hakuwa mtu wa kelele. Alisoma kwa sauti ya kawaida, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, na Mulki akazungusha chetezo. Moshi wa ubani ulipanda sawasawa, kisha ukainama kama unaopita chini ya mlango, ingawa hapakuwa na upepo, ukaenda chini chini sakafuni hadi miguuni pa waliosimama. Mwalimu aliutazama, akasoma tena. Mara ya pili ukafanya vile vile. Akamwambia Mulki aweke chetezo chini.

"Huyu anayeita si wa mtoto," alisema. "Mtoto ameitika tu, kwa kuwa ameitwa na hajui. Huyu ana mwenyewe, na mwenyewe yumo katika nyumba hii. Walitembea pamoja utotoni. Mtu huyo alikojoa kitandani hadi amekuwa mkubwa, akaficha, na katika kuficha kwake ndimo huyu anamoishi."

"Sasa afanyeje?" aliuliza Shihab.

"Aseme. Hapa, mbele ya watu, kwa jina lake. Kusema chumbani peke yake hakutoshi."

Taa iliyoning'inia mlangoni ilivuma kidogo kwa sababu ya umeme hafifu. Shihab aliwatazama wote mmoja mmoja, akafika kwa baba yake, akayashusha macho haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Bi Barke alikuwa amejifunika ushungi hadi mdomoni. Mzee Fumo alisimama wima, mikono nyuma.

Kimya kilipozidi, Somo aliinua mkono kama afanyavyo chuoni. "Ni mimi, Mwalimu. Mimi ndiye kikojozi."

"Wewe tunakujua, mwanangu," alisema Mwalimu Shuaibu kwa upole. "Hatukutafuti wewe."

"Mwalimu," alisema Mzee Fumo, "umemaliza?"

"Niliyo nayo nimeyamaliza." Mwalimu alivaa viatu vyake. Mlangoni alisimama na Tasnim. "Nyayo zinaishia wapi?"

"Mlango wa chumba."

"Zikifika mlango wa barabara, usingoje kuniita. Huko anakomwongoza hakuna choo. Ni baharini."

Kutoka siku hiyo Tasnim alilala mlangoni pa chumba, amejifunga leso kifundo cha mkono, na ncha ya pili ameifunga mguuni pa mtoto. Kila alipoamka alimgusa. Kila usiku, baada ya usingizi wa kwanza, alimpeleka choo mwenyewe, bila kusema neno, kwa kuwa aliogopa sauti yake. Mchana aliwapikia wote, akampa baba mkwe chai yake kwa mikono miwili kama kawaida. Mzee hakuweza tena kumtazama usoni. Somo naye alimuuliza mara moja, walipokuwa wawili barazani, "Babu, wewe ulipokuwa mdogo hukukojoa hata siku moja?" na Mzee Fumo akajibu, "Nenda kasome," kisha akabaki pale barazani muda mrefu jua likimpiga miguuni.

Karibu na alfajiri, siku ambayo hakuna aliyeitarajia, Tasnim aliamshwa na ubaridi. Leso ilikuwa bado kifundoni pake, imelowa chapachapa, na ncha ya pili ilikuwa wazi, haikukatwa, imefunguliwa kwa ustadi kama mama afunguavyo nguo ya mtoto aliyelala. Mkeka wa mtoto ulikuwa bahari, kwa kuwa godoro lililolowa jana lilikuwa bado limetundikwa ukuta wa mbele. Akasikia uani sauti ya mwanamke ikisema kwa upole, bila haraka, "Fumo, ndoo. Ndoo, mchu wangu," na alipofungua kinywa kumwita mwanawe hakikutoka kitu, hata pumzi haikuwa na mlio, kwa sababu sauti yake haikuwa kwake, ilikuwa kule uani ikitembea, na akajua kwamba hata akipasua koo mtoto hatasikia mama mwingine zaidi ya yule.

Alitoka mbio. Mtoto alikuwa akivuka ua, macho yamefumbwa, mkono wa kulia ameuinua hadi usawa wa mkono wa mtu mzima aliyemshika, na hapakuwa na mtu. Nyayo zilikuwa zikijichapa zenyewe kwenye saruji, ndefu na nyembamba, kila moja ikijaa maji kabla ya inayofuata, na harufu ya mwani ilikuwa nzito kiasi cha kuingia mdomoni. Komeo la mlango wa barabara lilikuwa limeshafunguliwa. Mlango wa chumba cha Mzee Fumo nao ulikuwa wazi, na mwenyewe alikuwa amesimama hapo na kanzu yake ya sala, amevaa tayari, na Tasnim aliona kwamba hakuwa ameamshwa sasa. Alikuwa amesimama pale tangu sauti ilipoanza, akisikiliza jina lake.

Tasnim hakuwa na neno la kumwambia. Alimtazama tu, usoni, jambo ambalo mke wa mwana hafanyi, akamtazama huku akirudi kinyumenyume kumfuata mtoto, na mtoto akavuka kizingiti akatoka barabarani.

Barabarani walikuwapo watu. Wanaume wa msikiti walikuwa wakienda kusali, na walisimama walipoona mtoto wa kikoi kilicholowa akipita na mkono hewani kuelekea ufuoni, na mama nyuma yake akimvuta kiunoni kwa nguvu zake zote, miguu yake ikiburuzwa mchangani kana kwamba aliyekuwa akivutwa ni yeye. Mulki alikuwa ametoka mlangoni mwake. Shihab alikuja nyuma akimshika mkewe, na wote wawili wakaburuzwa. Mwanaume mmoja alisoma Ayatul Kursi kwa sauti kubwa, na mtoto hakupunguza mwendo.

"Naam, mama," alisema mtu.

Mtoto akasimama.

Mzee Fumo alikuwa amesimama kizingitini mwa nyumba yake, mkono ameuegemeza ukutani, chini ya godoro lililoning'inia kwenye misumari. "Mwache," alisema. "Unayemwita ni mimi. Mimi Fumo bin Shihab bin Fumo, mtoto wa Tima binti Mahir, wa Chula." Aliwatazama wanaume wa safu yake, mmoja mmoja, kwa kuwa alitaka wasikie majina sawasawa. "Nilikojoa kitandani utoto wangu wote, na ujana wangu, hata nilipooa. Mke wangu wa kwanza alirudi kwao kwa sababu hiyo, na alipoulizwa akasema tabia yake mwenyewe ndiyo mbaya, akanisitiri. Dada yangu alijua. Mama yangu alikuwa akiniamsha hivyo, kwa maneno hayo, na alipokufa maneno yaliendelea. Nilijizuia kuitika, sauti ikaacha. Nilidhani imeacha. Godoro hili ni langu. Nililitundika juu ya mtoto."

Kanzu yake ilikuwa imelowa mbele, na maji yalikuwa yakimshuka miguuni, mbele ya watu wote, na hakujifunika.

Mkono wa mtoto ulishuka. Somo alifumbua macho, akaona barabara, akaona watu, na jambo la kwanza alilofanya ni kujishika kikoi kwa mikono miwili. Tasnim akamfunika kwa leso. "Somo," alisema, na sauti ilikuwa yake.

Wanaume hawakujua pa kutazama. Mmoja alisema, "Twendeni, sala itatupita," wakaondoka kwa kundi, wakitazama chini. Walikwenda polepole, kama watu wanaotoka kuzika. Mulki alimfuata Tasnim, akalishusha godoro bila kuulizwa, akaliingiza ndani.

Tangu siku hiyo Somo hakukojoa tena kitandani. Chuoni hawakumtania tena. Walikuwa wameambiwa na baba zao wanyamaze, kwa namna iliyowatia hofu. Mzee Fumo hakurudi msikitini. Nafasi yake katika safu iliachwa siku chache, kisha ikajazwa. Waliogombana walipelekwa kwa mtu mwingine. Hakuna aliyemkejeli. Walimsalimia kwa heshima ile ile, na wakapita upesi.

Kila asubuhi Tasnim aliingia chumbani mwa mzee mtaa haujaamka, akatoa shuka, akazifua na kuzianika ndani, chini ya feni. Mzee aliketi kwenye kiti, uso kwenye ukuta, hadi amalize.

"Godoro la mwanao nililitundika nje," alimwambia mara moja.

"Kunywa chai, Baba. Inapoa."

Somo ndiye aliyekaa naye. Alikuwa amepoteza haya zake zote kwa babu huyu, na aliuliza kama mtu anayeuliza mwenzake wa safari.

"Babu, bado anakuja?"

"Anakuja."

"Anakupeleka wapi?"

"Ufuoni. Ufuo wa Chula."

"Mbali?"

Mzee Fumo alifikiri, ili ajibu sawasawa. "Mwanzo tulikuwa tukisimama mchangani. Sasa maji yako hapa," alisema, akaweka kiganja juu ya mbavu zake. "Wewe ukisikia mtu akiita jina letu, usiitike. Hata ukisikia ni mimi."

"Sitaitika, Babu."

Mzee Fumo bin Shihab bin Fumo, wa Chula, alifariki siku ya Jumanne kabla ya adhana ya alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri.